Mpiga besi wa bendi ndogo: vifaa vya kuanza navyo na jinsi ya kufanya watu wakujue

Kuna siku dada yangu alinitumia klipu ya shoo yetu moja ya Kinondoni, kaichukua kwa simu akiwa katikati ya watu, chini yake kaandika "mlikuwa vizuri sana ila wewe mbona hupigi?" Na nilikuwa napiga, nilipiga usiku mzima mpaka vidole vikachubuka. Nikaifungua ile klipu kwenye simu yangu na kweli bwana, mwimbaji anasikika, solo linasikika, drams zinagonga, mikono yangu inatembea kwenye gitaa na hakuna chochote kinachotoka. Nikachomeka earphone nikaangalia tena, besi ikarudi yote, nzito, iko palepale.

Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiupiga mtupu unatoa kama Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na kaspika ka simu kalivyo kadogo hakawezi kusukuma hewa ya sauti nzito hivyo, kwa iyo mtu anayekuangalia kwenye simu bila earphone anakosa karibu nusu ya kazi yako. Afu siku hizi kiongozi wa bendi anayetaka kukuita kwenye kazi anakuona kwenye simu kwanza, sio ukumbini. Toka siku ile nikaanza kufikiria vifaa tofauti kabisa. Swali sio gitaa gani zuri, swali ni sauti yangu inakatikia wapi, maana inatoka kidoleni, inapita kwenye uzi, gitaa, waya, miksa, inaishia sikioni kwa mtu ambaye labda yuko Mwanza kalala kitandani anaskroli. Pale inapokatika ndo pa kuweka hela. Mwongozo huu naufuata kwa njia hiyohiyo, toka kidole mpaka sikio, na nauandika kwa ajili ya wenzangu wa bendi ndogo ambao hakuna meneja wala lebo, hela ya vifaa inatoka kwenye mfuko huohuo wa kodi ya nyumba.

Hatua ya 1: Nyuzi, kabla ya kitu kingine chochote

Najua unataka kusikia habari za gitaa jipya, subiri kwanza. Besi nyingi ambazo watu wanazilalamikia hazina tatizo lolote zaidi ya nyuzi zilizokufa. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar tunaishi na hewa ya chumvi na unyevu, ukiongeza jasho la shoo ya masaa manne, nyuzi zinaota kutu na zinaanza kutoa sauti ya kamba ya kuanikia nguo. Weka kitambaa cha pamba kwenye begi la gitaa, kila ukimaliza kupiga futa kila uzi mmoja mmoja, juu na chini, toka shingoni mpaka kwenye briji, pale nyuzi zinapofungiwa kwenye mwili wa gitaa. Dakika mbili tu. Hiyo peke yake itakuongezea miezi.

Seti ya kawaida ya nyuzi nne ni ile inayoandikwa 45 mpaka 105, ukishikilia hiyo hiyo kila mara gitaa lako halitakusumbua maana ukibadilisha unene mvutano nao unabadilika na shingo inahama. Kuna nyuzi zenye mikwaruzo, zinatoa sauti kali inayong'aa, na kuna zile laini bapa zinazotoa sauti nene ya mviringo. James Jamerson aliyepiga besi kwenye nyimbo kibao za lebo ya Motown ya Marekani alikuwa anatumia hizo bapa na alikuwa habadilishi mpaka zikatike, na dunia nzima inamwiga mpaka leo. Ila wewe unayepiga sebene au dansi ya hapa kwetu, au gospo ya sasa hivi, mi nakushauri zenye mikwaruzo, kwa sababu ule mguso wa kidole kwenye uzi, ile "tk" ya mwanzo, ndo kitu simu inakiweza.

Huna hela ya seti mpya? Zichemshe. Vua nyuzi, zikunje taratibu, zitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka kama dakika kumi, mafuta ya vidole na uchafu unatoka unauona unaelea, zikaushe vizuri kabisa juani kabla hujazirudisha. Zitang'aa tena kwa muda, sio milele, ila kwa shoo mbili tatu zinatosha. Wazee wamefanya hivi miaka na miaka.

Baada ya nyuzi njoo kwenye setapu, yaani kulipanga gitaa likae sawa (freti ni vile vyuma vidogo vya shingoni). Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja, afu angalia katikati, kwenye freti ya saba au ya nane, uzi na freti viwe vimeachana kidogo tu, unene wa kadi ya biashara hivi. Nafasi ikiwa kubwa mno shingo imepinda mbele, ikiwa hamna kabisa nyuzi zitakwaruza. Hapo ndo unazungusha trasi rodi, kile chuma kilicho ndani ya shingo, kukaza kunanyoosha shingo, kulegeza kunairuhusu ipinde mbele. Robo mzunguko tu! Robo, unatyuni, unasubiri, unapima tena. Mti unachukua muda kukubali, ukilazimisha utavunja kitu ambacho ni vigumu kukitengeneza. Kisha shuka kwenye briji upange urefu wa nyuzi, milimita 2 mpaka 2.5 kwenye freti ya 12 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwisho, piga hamoniki ya freti ya 12 (unaugusa uzi juu ya freti bila kuubonyeza) ukilinganisha na noti yenyewe ya freti hiyo ukibonyeza, kama iliyobonyezwa iko juu zaidi rudisha nyuma kile kidude kinachobeba uzi, kama iko chini sogeza mbele kuelekea shingoni.

Mkisafiri na bendi toka Dar kwenda Arusha au Mbeya, rudia vipimo hivi mkifika. Hewa kavu na baridi inaichezea shingo, nimeshuhudia gitaa lililokuwa linapiga vizuri kabisa Ubungo asubuhi likaanza kukwaruza kesho yake ukumbini.

Hatua ya 2: Gitaa lenyewe

Kampuni ya Fender ilitoa besi ya Precision mwaka 1951 na Jazz Bass mwaka 1960, na mpaka leo besi nyingi utakazokutana nazo dukani ni watoto na wajukuu wa hizo mbili, hata zile zisizo na jina. Squier, Yamaha na Ibanez za bei ya chini zinatosha kabisa kufanya kazi za kulipwa, nimesikia rekodi kibao zimepigwa na hizo na hakuna aliyejua. Kwa hiyo kama unanunua la mkononi Kariakoo au kwa mshkaji anayeacha muziki, wala usiangalie rangi, angalia haya: lishike kama bunduki uchungulie toka kwenye mwili kuelekea kichwani uone shingo haijajikunja upande mmoja kama feni, maana kujikunja mbele kunarekebishika ila kujisokota ni vigumu mno kukurekebisha. Piga kila freti kwa kila uzi, zote, usione aibu mbele ya muuzaji, noti inayokufa au inayong'ang'ania kwenye freti ya jirani ni kazi ya fundi. Zungusha vitufe vyote likiwa limechomekwa, vikikwaruza kidogo ni vumbi tu, ila sauti ikikatika kabisa ujue kuna waya umeachia, na hapo una haki ya kushusha bei.

Nyuzi nne au tano? B ya tano inashuka mpaka karibu Hz 31, inapendeza sana kwenye gospo na kwenye nyimbo za kii za chini, lakini spika nyingi za kumbi zetu haziwezi kuitoa, inabaki kuwa mngurumo. Anza na nne. Mpiga besi Tommy Malanga alipokuwa na bendi ya Les Wanyika kule Nairobi hakuhitaji kushuka chini ya dunia ili besi yake iimbe, alichokuwa nacho ni nafasi, anajua wapi anyamaze. Msikilize, afu msikilize Ngouma Lokito, mpiga besi wa Kongo, kwenye sebene, utaona watu wawili tofauti kabisa na wote hawajazi kila mahali.

Jambo la betri hili naomba ulishike. Besi za aina ya active zina betri ya volti 9 ndani, na kwa nyingi ile tundu ya kuchomekea waya ndo swichi yenyewe, ukichomeka waya betri inaanza kuliwa, hata kama hupigi, hata kama volyumu iko sifuri. Mimi niliacha waya umechomekwa usiku kucha baada ya mazoezi, kesho yake tuna harusi Tabata, bwana na bibi harusi wanaingia ukumbini, ndugu wamesimama wanapunga vitambaa, sauti yangu ikaanza kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni kisha ikazima. Nilimaliza wimbo mzima wa kuingilia maharusi nikiwa nimesimama tu nimeshika gitaa. Yule mama wa bibi harusi aliniangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Toka hapo nina betri mpya mbili kwenye begi na waya nachomoa kabla sijaliweka gitaa chini. Ukiweza pata passive, haina betri, ina kitu kimoja tu cha kuharibika.

Hatua ya 3: Waya, tyuna na kiboksi cha DI

Hapa ndo ningekuomba utumie hela kuliko sehemu zote, kabla hujaota amplifaya kubwa.

Waya, nunua mbili. Sio moja nzuri, mbili za kawaida nzuri. Urefu wa mita tatu mpaka sita unatosha, ukizidi hapo na besi yako ni passive ile sauti ya juu inaanza kufifia njiani. Ukifa mmoja usiutupe, mara nyingi ni kiungo cha kwenye jeki kimeachia, fundi redio yeyote mtaani anaulehemu kwa risasi ukiwa umesimama palepale, na ukimwangalia mara mbili tatu utajifunza kujifanyia mwenyewe. Na waya wa gitaa sio waya wa spika hata kama vichwa vinafanana, usivichanganye, waya wa gitaa ukiutumia kupeleka moto wa amplifaya kwenye spika unaweza kuyeyuka na kuua amplifaya.

Tyuna, ile ya kubana kichwani ni sawa kwa mazoezi, ila jukwaani drams zinapotetemesha kila kitu inachanganyikiwa, ya kukanyaga kwa mguu ni bora na inakuzimia sauti wakati unatyuni ili watu wasisikie ukihangaika.

DI. Hiki ni kiboksi kidogo kinachochukua sauti ya gitaa na kuigeuza iweze kusafiri kwa waya mrefu wa maiki mpaka kwa fundi mitambo bila kuokota kelele njiani. Siri yake ni kwamba sauti yako inatumwa mara mbili ndani ya waya mmoja, moja ya kawaida na moja imepinduliwa, kelele ikiingia inaingia kwa zote mbili sawasawa, kule mwisho miksa inaipindua ile ya pili irudi sawa, sauti inajumlika na kelele inajifuta. Kwenye kumbi nyingi ndogo zetu hakuna DI, wanachomeka waya wa gitaa moja kwa moja kwenye miksa au wanaweka maiki mbele ya amplifaya chakavu, na besi inatoka matope. Ukiwa na ya kwako, kila ukumbi unaoenda unatoka na sauti ileile. Zipo za passive ambazo hazihitaji umeme, zipo za active zinazokula betri au umeme wa volti 48 unaotoka kwenye miksa, na zipo kama Behringer BDI21 ambazo ndani zina na vitufe vya kutengeneza sauti, kwa mpiga besi anayeanza hiyo ya mwisho inakupa vitu viwili kwenye kiboksi kimoja.

Kuna kitufe kidogo kwenye DI kimeandikwa ground lift ambacho watu hawakigusi. Siku moja tuko ukumbi mmoja Temeke, tumefunga vyombo, besi inavuma "mmmmmm" ukumbi mzima, fundi mitambo ni mzee wa makamo, kashachoka, kashika kiuno.

"Kijana, hilo gitaa lako bovu."

"Shikamoo mzee. Naomba unipe sekunde, nibonyeze kitu hapa."

Nikainama nikabonyeza. Kimya. Mvumo wote ukaondoka kama mtu kafunga dirisha. Mzee akaja mpaka jukwaani kukiangalia kile kiboksi, akakigeuza chini juu, akaniuliza kinauzwa wapi. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba amplifaya yangu na miksa yake vilikuwa vinapata ardhi ya umeme kwa njia mbili tofauti, unatengenezeka mzunguko unaoimba ule mvumo, kile kitufe kinakata njia moja upande wa waya wa sauti. Ila usije ukakata waya wa ardhi kwenye plagi ya umeme ili kuondoa mvumo! Watu wanafanya hivyo na inaua. Kitufe cha DI ni salama, kukata plagi sio.

Hatua ya 4: Amplifaya, na kuhusu masikio

Fupi tu. Nunua kombo ndogo ya mazoezi, yaani amplifaya na spika kwenye boksi moja, basi. Kumbi zina mitambo, na wewe una DI. Kubeba spika kubwa kwenye bajaji kila wikiendi utachoka mwezi wa pili. Ukifika siku ya kununua kubwa angalia om, yaani ukinzani wa spika: spika mbili za om 8 ukizifunga sambamba amplifaya inaziona kama om 4, hakikisha yako inaruhusu om 4. Na umeme wetu ukipanda na kushuka, hasa mkitumia jenereta, stabilaiza ni rafiki.

Masikio: kwa sauti ya desibeli 85 unaweza kukaa masaa nane, ikifika 100 muda salama ni kama dakika 15 tu, na jukwaani karibu na drams 100 inafika bila shida. Vaa vizibo. Nawajua wapigaji wazuri ambao sasa hivi ukiwaongelesha wanakuomba urudie.

Hatua ya 5: Tengeneza sauti ya kusikika, sio ya kutikisa

Kila mpiga besi mgeni akigusa vitufe anaongeza bass. Mimi nakwambia acha, iache katikati. Chini kabisa kule dramu la kukanyaga kwa mguu lipo, kinanda cha mkono wa kushoto kipo, mkigombania wote inakuwa uji. Punguza kidogo maeneo ya Hz 250 hivi ambako matope yanakaa, ongeza kidogo kati ya Hz 700 na 1000. Ukiwa peke yako chumbani itasikika vibaya, kama ina pua. Usiogope. Ndani ya bendi hiyo pua ndo inafanya watu wajue noti gani unapiga, na ndo hiyohiyo inayopita kwenye simu. Ukiongeza na mkwaruzo wa sauti (distortion) kidogo sana, kiasi cha kutosikika kama mkwaruzo, noti yako ya chini inazaa sauti za juu zake, na sikio la binadamu likisikia hizo za juu linajaza lenyewe ile ya chini ambayo spika haikuitoa.

Hatua ya 6: Klipu

Sasa tumefika kwenye kujitangaza, na nataka uone kwamba hatujahama mada, ni sauti ileile inaendelea na safari.

Usitegemee maiki ya simu. Rekodi besi kwa waya, unahitaji intafesi ndogo ya sauti, zile za tundu moja au mbili, inaingia kwenye laptop au hata kwenye simu kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa kwenye simu. Simu nyingine iwe inachukua video. Mwanzo piga uzi mmoja kwa nguvu mara moja, mkono ukionekana kwenye kamera, hapo utapata alama ya kulinganisha picha na sauti baadaye. Weka chini wimbo wa bendi yenu, besi iwe juu kidogo kuliko ilivyo kwenye wimbo wenyewe. Kaa mbele ya dirisha mchana, mwanga uje usoni, mikono yote miwili ionekane, hasa wa kulia, wapiga besi wenzako wanataka kuona kidole kinafanya nini na sio sura yako. Sekunde 30 mpaka 40. Anza na ile sehemu tamu, usianze kwa kutyuni wala kujitambulisha, mtu ana sekunde mbili kisha anapita.

Kabla hujapost fanya mtihani huu: weka simu mezani, volyumu nusu, ondoka mita mbili, washa feni. Kama hufuati besi kwa sikio rudi kwenye Hatua ya 5. Kisha sikiliza kwa earphone uhakikishe hukuzidisha.

Piga nyimbo zenu wenyewe kwanza. Kwanza si rahisi mtu akuzimie sauti kwa hakimiliki, pili unaitangaza bendi, tatu hakuna mtu mwingine duniani mwenye klipu hiyo. Maelezo yawe na jina la wimbo, kii, jina la bendi, mtunzi, na jina lako, na uwatag wote waliopiga. Jina lako liwe lilelile Instagram, TikTok, YouTube na kwenye WhatsApp, kama ni Juma Besi basi Juma Besi kila mahali, mtu akikutafuta saa tano usiku ana dharura ya harusi kesho asipotee njiani. Klipu moja kwa wiki inatosha kabisa ukiidumisha. Klipu za kufundisha nazo zinatembea sana, mfano kuonesha besi inavyobadilika pale wimbo unapotoka kwenye uimbaji na kuingia sebene, pole pole kwanza kisha kwa mwendo wake, maana vijana wengi wanajifunza peke yao na hawana wa kumuuliza.

Hatua ya 7: Jina lako liandikwe

Hili linaniuma. Nimepiga besi kwenye wimbo wa msanii mmoja, umepigwa redioni, na jina langu halipo popote, wala kwenye maelezo ya video wala kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni. Nilikosea kwa kutouliza siku ya kurekodi, nilidhani ni jambo la kujulikana tu. Halijulikani. Kabla hamjatoka studio muulize anayepandisha wimbo kwenye majukwaa: utajaza nani kapiga nini? Sehemu hiyo huwa ipo, mtu anairuka kwa haraka. Mwandikie ujumbe wa WhatsApp wenye herufi sahihi za jina lako ili anakili tu.

Na kama ule mstari wa besi ndo wimbo wenyewe, mkae bendi nzima muandike nani katunga nini na kwa asilimia ngapi, karatasi moja, saini zote, picha ipelekwe kwenye grupu. Fanyeni wakati bado mnapendana na wimbo haujaingiza kitu. Tanzania sheria ya hakimiliki ya 1999 inamtambua mtunzi na inamtambua mpigaji pia kwa haki zake, ofisi inayoshughulika ni COSOTA, na kwa usajili wa usanii kuna BASATA. Kenya nako kuna vyama vya watunzi na vya wapigaji. Jisajili mapema, kabla hujawa na jina.

Hatua ya 8: Kuomba kazi

Kazi nyingi za besi hazitangazwi. Zinatokea kwa sababu mpiga besi wa bendi fulani kauguliwa au kapata safari, na kiongozi anakumbuka jina. Kwa hiyo kwanza kabisa mjue mpiga besi wa bendi hiyo, nenda kwenye shoo yao, msalimie yeye kabla ya kiongozi, mwambie siku akipata udhuru uko tayari kumshikia na kumrudishia nafasi yake. Ukimzunguka itajulikana, mji ni mdogo. Kisha ujumbe kwa kiongozi uwe mfupi, kitu kama hiki:

"Shikamoo mzee. Naitwa Juma, napiga besi, nakaa Tabata. Nilikuwepo kwenye shoo yenu ya Ijumaa na nimeongea na kaka anayewapigia besi. Siku akipata udhuru naomba unikumbuke. Nyimbo zenu tano nimeshazishika na kii zake, hii ni klipu ya mmoja. Nina gitaa, waya na DI yangu, nahitaji laini moja tu kwenye miksa. Asante sana mzee."

Ile laini ya mwisho inafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani, inamwambia kiongozi kwamba hutamletea usumbufu. Akikujibu mkubaliane hela, nauli ya kurudi usiku na chakula kabla hujatoka nyumbani, na advansi iingie kwa M-Pesa kama shoo ni ya nje ya mji.

Kwa matamasha hali ni tofauti kidogo, pale wanaomba kama bendi. Tamasha la Sauti za Busara kule Zanzibar, lipo tangu 2004, linataka muziki wa laivu, kwa hiyo video ya studio yenye taa nzuri na kujifanya mnapiga haiwasaidii, watataka kuwasikia mkipiga kweli. Muwe na ukurasa mmoja: maelezo ya bendi yasiyozidi maneno mia, picha mbili zinazoonesha watu wote hata mpiga besi, video mbili za laivu, na mchoro wa jukwaa unaoonesha nani anasimama wapi na anahitaji nini. Mpiga besi ndo awe mchoraji wa huo mchoro, kwa sababu ukiuchora wewe hutasahaulika nyuma ya kinanda.

Na hizo video za laivu zenye besi inayosikika unazipata hivi. Ukifika ukumbini msalimie fundi mitambo, muulize kama miksa yake inarekodi kwenye flashi. Nyingi za dijitali zinarekodi. Beba flashi yako, iwe imefomatiwa FAT32 maana fomati nyingine miksa zinaweza kuzikataa, mpe mapema kabla shoo haijaanza akiwa hana presha, na mwachie soda. Shoo ikiisha usianze kupiga stori na mashabiki, chomoa waya kwenye gitaa, futa nyuzi, nenda kachukue flashi yako kabla hajazima miksa, maana kwa baadhi ya mashine ukizima umeme bila kubonyeza stop faili lote linapotea.